HAYA NA ILIMU
Mafunzo yampasayo mzazi kumpa kijana kabla ya kubaleghe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mtu kwa umbo lililo zuri, akamtoa katika udhaifu wa utoto akamtia katika nguvu za ujana. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Kitabu cha fikihi asomacho kijana wa pwani mwanzo wa masomo yake, aghlabu ni Safinatu-nnajaa, kilichotungwa na Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut katika karne ya 13 ya Hijra. Katika kurasa zake za mwanzo mtungaji ataja alama za kubaleghe, nazo ni tatu. Ya kwanza ni kutimia miaka 15, kwa mume na kwa mke. Ya pili ni kutokwa na manii, kwa ndoto au kwa jingine, tangu kutimia miaka 9. Ya tatu ni hedhi, nayo ni ya mwanamke, tangu miaka 9. Na miaka hiyo yote ni ya mwezi wala si ya jua. Basi miaka 15 ya mwezi ni kama miaka 14 na nusu kwa hisabu ya kizungu.

Mtoto wa miaka minane huyahifadhi hayo kwa Kiarabu, akayasoma mbele ya mwalimu wake pasipo kukosea hata harufi moja. Mwalimu hufurahi, na baba akifika chuoni hufurahi zaidi. Lakini maana ya neno lile la pili mtoto hakuambiwa. Aliuliza, akaambiwa, "Utajua ukikua." Akanyamaza, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu.

Ikapita miaka mitano. Alfajiri moja kijana yule akaamka akaona nguo yake imelowa. Akaingiwa na khofu, akadhani amepatwa na maradhi. Hakumwambia baba kwa haya, wala hakumwambia mama kwa haya iliyo kubwa zaidi. Akaifua nguo yake kwa siri, akatawadha, akaenda msikitini akasali alfajiri pamoja na baba yake, bega kwa bega. Jambo lile likamrudia mara nyingi, naye kila mara akitawadha akisali. Jioni, wadogo zake wakikusanyika nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa akiwasalisha.

Basi ni nani mwenye makosa hapo? Kijana ana janaba, na mwenye janaba hana sala mpaka aoge. Na aweza mtu kusema: mbona pwani kuna joto, na kijana yule alikuwa akikoga kila siku mara mbili? Jawabu ni kwamba fardhi za kuoga janaba ni mbili: nia, na kueneza maji mwili mzima. Aliyekoga kuondoa jasho hakutia nia ya kuondoa janaba, na kwa madhehebu ya Imamu Shafii janaba yake iko pale pale. Sala alizosali katika hali ile hazikusihi, na siku atakayojua itampasa kuzilipa. Miaka miwili ya sala imepotea, na sababu yake ni neno moja ambalo baba aliona haya kulisema.

MAANA YA HAYA

Huenda baba yule akajitetea kwa kusema kwamba haya ni katika imani. Naam, ni katika imani, na hapana Muislamu akanaye. Lakini yapasa kujua haya ni kitu gani. Haya ni ngao imzuiayo mtu na jambo baya. Wala si pazia la kumficha mtu na jambo la wajibu.

Na haya yaonekana katika khabari za sahaba. Ummu Sulaym, naye ni mamake Anas bin Malik, alimjia Mtume (s.a.w.) akatanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haoni haya katika jambo la haki, kisha akamuuliza kama mwanamke aotaye yampasa kuoga. Mtume hakumkemea. Alimjibu kwamba yampasa, aonapo maji. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Sayyidna Ali bin Abi Talib alikuwa akitokwa na madhi mara nyingi, akaona haya kumuuliza Mtume mwenyewe, kwa kuwa ni mkwewe. Je, alinyamaza? La. Alimwambia Al-Mikdadi amuulizie, ikapatikana hukumu mpaka leo: madhi huoshwa, mtu akatawadha, wala hapana kuoga.

Katika khabari hii ya Sayyidna Ali mna mafunzo makubwa kwa baba mwenye haya nyingi. Haya ya namna ile haina lawama, kwa sharti mtu atafute mwingine wa kulifikisha neno. Baba asiyeweza kusema na mwanawe amtume mjomba, au ami, au babu. Na babu wa pwani ana ruhusa ya utani na mjukuu wake, na katika utani huweza kupita neno zito kwa wepesi. Lililo haramu ni kuliacha neno lisifike kabisa.

Zamani pwani ilikuwa na njia yake. Vijana walipotiwa kumbini hukaa pamoja siku nyingi na watu wazima wa kuwaangalia, wakafunzwa tohara, na adabu, na mambo ya utu uzima. Katika mafunzo yale yalikuwamo mema, na yalikuwamo mengine yasiyopatana na sharia. Leo watoto wengi hutahiriwa wachanga, kwa tabibu, na hilo ni jema kwa siha zao. Lakini kumbi lilipoondoka, mafunzo nayo yaliondoka pamoja nalo, wala hapana kilichowekwa mahali pake. Ule ndio ufa, na katika ufa huo ndipo waingiapo wasiotakiwa.

KHABARI ZA MWILI AMBAZO KIJANA YAMPASA KUZIJUA

Kwa vijana wa kiume, mwili huanza kubadilika aghlabu baina ya miaka 9 na 14. Chini ya ubongo mna tezi ndogo, kadiri ya punje ya kunde, nayo hutoa amri ziendazo pamoja na damu mpaka korodani. Hapo korodani hukua, zikaanza kufanya manii, na kutoa ile nguvu igeuzayo mwili wote. Sauti hukwaruza kisha ikawa nzito. Nywele huota kwapani na chini ya kitovu. Jasho hubadilika harufu. Uso hutoka chunusi. Kimo huongezeka kwa haraka, na tabia nayo huchafuka: leo kijana hucheka, kesho hukasirika pasipo sababu aijuayo.

Ijulikane kwamba watu hawalingani katika hayo. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja hutangulia na mwingine akachelewa, na wote ni wazima. Anayechelewa asichekwe, maana kicheko cha wenziwe huacha jeraha moyoni. Lakini kijana aliyefika miaka 14 na mwili wake haukuonyesha dalili yoyote, ni vyema aonyeshwe kwa tabibu.

Ndoto ile ya usiku si maradhi wala si dhambi, kwa kuwa aliyelala hana kalamu juu yake mpaka aamke. Akiona maji, aoge, hata kama hakumbuki ndoto. Akikumbuka ndoto, asione maji, hana la kuoga. Na usafi mwingine wa wakati huu ni sunna iliyo pia siha: kunyoa na kunyonyoa kwa wakati wake bila ya kupita siku 40, kuosha kwapa, kubadili nguo za ndani kila siku, na kupiga mswaki.

Na yako mambo ambayo ni maradhi kweli kweli, wala hayangoji. Kijana akiona usaha, au maumivu wakati wa kukojoa, au kidonda katika sehemu zake za siri, aende kwa tabibu. Na lililo la haraka kupita yote ni maumivu makali ya ghafula katika korodani moja, pamoja na uvimbe, na pengine kutapika. Huenda korodani imejisokota, na mshipa upelekao damu ukanyongeka. Jambo hili huwapata khasa vijana wa umri huu wa kubaleghe. Akipasuliwa kabla ya kupita saa sita hivi, korodani huokoka mara nyingi. Zikipita saa nyingi, hufa, na tabibu hana ila kuiondoa.

Basi na afikiri baba: mwanawe ashikwa na maumivu hayo saa nane ya usiku. Kijana ambaye hajapata kulitaja jina la kiungo hicho mbele ya mzazi wake atafanya nini? Atauma mto mpaka asubuhi. Asubuhi atasema tumbo lamuuma. Adhuhuri ataambiwa ni mshipa, akandwe kwa mafuta. Jioni ndipo atakapopelekwa hospitali, na saa zimekwisha. Wahenga wamesema, mficha uchi hazai; na hapa maneno yao yawa kweli kama yalivyo.

WAFUNDISHAO BABA ANYAMAZAPO

Baba akinyamaza, kijana hakosi mwalimu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo una walimu watatu.

Wa kwanza ni wenziwe wa barazani, ambao hawajui zaidi yake, ila wana ujasiri wa kusema. Wao ndio wamwambiao kuwa sigara na bangi ni alama ya uanaume, na kwamba kuonja mara moja hakudhuru. Hawamwambii kwamba unga huanza kwa kuonja, na kwamba miji ya pwani ina mitaa iliyojaa vijana walioonja. Aliyekwisha kunaswa na unga ni mgonjwa, na ugonjwa wake una dawa. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutolewa methadoni mwaka 2011 kwa wagonjwa kama hao, na baadaye pia katika hospitali za pwani ya Kenya. Amfichaye mwanawe kwa kuogopa maneno ya watu, huenda akaja kumzika mbele ya watu hao hao.

Wa pili ni simu. Humo kijana huona picha za uchafu zilizotengenezwa kwa ajili ya fedha, akadhani hivyo ndivyo walivyo mume na mke. Hujifunza nguvu mahali pa huruma, na tamaa mahali pa haya. Siku atakayooa, ndiye mwanamke wa watu atakayelipa gharama ya mafunzo hayo.

Wa tatu ni mbaya kuliko wote, naye ni mtu mzima mwenye nia mbovu. Huyu huwinda hasa mtoto asiyejua na asiyeweza kusema. Huenda akawa jirani, huenda akawa jamaa, huenda akawa mwalimu wa skuli au wa chuo. Humpa mtoto zawadi, humtia katika siri, kisha humwambia, "Ukisema utaaibika wewe." Na mtoto huamini, kwa kuwa nyumbani kwao mambo hayo hayatajwi. Kwa hiyo yapasa mtoto afunzwe mapema kwamba uchi wake ni amana, hapana mtu awe nani aliye na ruhusa ya kuuchezea, na kwamba akitendewa au akitakiwa kutenda jambo kama hilo aje aseme, naye hatapigwa wala hatalaumiwa. Na mzazi aliyeambiwa, asiseme, "Tustiri jambo." Mwenye kustiriwa ni aliyeonewa, mwenye kuonea hufikishwa kwa serikali, ili asimharibu mtoto wa mwingine.

Tena kijana ajue khabari za maradhi ya zinaa bila ya vitisho vya uwongo, maana akigundua uwongo mmoja hataamini na ya kweli. Ukimwi ulitambuliwa na matabibu mwaka 1981, na kirusi chake kikagunduliwa mwaka 1983. Hupita katika kuingiliana, na katika damu, kama vile kushirikiana sindano, na kwa mama kumpa mwanawe katika mimba, uzazi au kunyonya. Haupiti kwa kupeana mkono, wala kwa kula sinia moja, wala kwa kusali safu moja. Mtu aweza kukaa nao miaka mingi na mwili wake waonekana mzima. Hajulikani ila kwa kupimwa damu. Hauna dawa ya kuuondoa, lakini zipo dawa za kuuzuia. Atumiaye dawa hizo kila siku, kirusi kikashuka mpaka kisionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya jimai. Kwa hiyo hapana udhuru wa kumtenga mgonjwa, na hapana udhuru wa wachumba kuoana bila ya kupimwa.

JINSI YA KUSEMA NA KIJANA

Mtume (s.a.w.) alijiwa na kijana akaomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamwita karibu akamkalisha, akamuuliza kama angependa jambo hilo atendewe mama yake, au binti yake, au dada yake, au shangazi yake, au mama yake mdogo. Kila mara kijana alijibu kuwa hapendi, na Mtume akamwambia kwamba watu nao hawapendi. Kisha akaweka mkono juu yake akamwombea dua. Kijana yule akatoka hana haja tena na jambo lile. Basi hapo pana kanuni zote za mafunzo: kusogeza karibu, kuuliza, kungoja jawabu, na kuombea. Wala fimbo haimo.

Na kila umri una fungu lake. Akifika miaka 7 huamrishwa sala, na pamoja na sala hufundishwa kustanji na majina ya viungo vyake. Akifika miaka 10 watoto hutengwa malazi, na hapo huelezwa kwa nini wametengwa. Na katika Sura ya Nuru mna amri ya watoto kuomba ruhusa nyakati tatu kabla ya kuingia chumbani kwa wakubwa, na ya waliobaleghe kuomba ruhusa kila wakati. Mlango mzuri kwa baba atakaye kuanza maneno. Afikapo miaka 11 au 12, aelezwe ndoto, na janaba, na kuoga, kabla ya kumfikia. Daraja za sekondari ndizo za mafunzo ya ndoa, na zinaa, na maradhi, na ulevi.

Maneno yenyewe si mengi. Tuseme baba na mwana watoka msikitini baada ya isha, na njia ina giza, hapana aonaye uso wa mwenziwe.

Baba: Mwanangu, waikumbuka mas-ala ya alama za kubaleghe uliyohifadhi chuoni?

Mwana: Naam, baba, naikumbuka.

Baba: Na kule kuota ni nini?

Mwana: Sijui, baba.

Baba: Hata mimi sikujua kwa umri wako, na hapana aliyeniambia. Sikiliza basi. Iko siku utaamka uone nguo yako imelowa, na maji hayo si mkojo. Usiogope, si maradhi. Mungu amekutia katika daraja ya watu wazima. Siku hiyo utanuia kuondoa janaba, uoge mwili mzima, ndipo usali. Umefahamu?

Mwana: Nimefahamu, baba. Na nikiumwa mahali pale?

Baba: Njoo uniamshe, hata usiku wa manane. Wala usiseme tumbo. Sema pale pale paumapo.

Yamekwisha. Kutoka msikitini hata nyumbani yatosha.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, kumwambia kijana mambo haya si kumwamsha aliyelala?

Jawabu: Aliyelala ataamshwa na mwili wake mwenyewe, baba apende asipende. Lililo katika khiari ya baba ni moja tu: aamkapo, akute taa au akute giza.

Swali: Skuli za sekondari zafundisha stadi za maisha na khabari za afya. Haitoshi hiyo?

Jawabu: Mwalimu wa skuli afundisha mwili na maradhi, na apaswa kushukuriwa. Lakini janaba, na nia, na haramu na halali, hayamo katika somo lake. Na darasa lenye watu wengi si mahali pa kuuliza la siri. Baba na autazame mtaala, aufahamu, azungumze na mwalimu penye shaka, kisha aongeze lililo fungu lake.

Swali: Na binti?

Jawabu: Haki yake ni ile ile. Mama au somo wake amweleze hedhi kabla haijamjia, na baba atoe fedha za vitambaa vya hedhi bila ya kununa, ili binti asikose skuli kwa ajili ya jambo aliloandikiwa na Mola wake.

Swali: Baba aliyekwisha kukosa, na mwanawe amefika miaka 17, afanye nini?

Jawabu: Aseme leo. Amuulize kwa upole kama alijua kuoga, na kama hakujua, amsaidie kuhisabu sala zake na kuzilipa kidogo kidogo. Na amwombe msamaha. Kijana hamdharau baba aombaye msamaha. Ajua tangu siku ile kwamba nyumbani kwao kuna mtu wa kuambiwa neno.

Mwenyezi Mungu awape wazazi ulimi wenye haki na upole, awape vijana moyo safi na mwili mzima, na ajaalie haya yao iwe ngao wala isiwe kizuizi. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.